Barua ya Mwendokasi Imekuja kwa Jina Lako, Lakini Gari Aliendesha Mwingine: Mwongozo kwa Wenye Magari Uingereza

Sisi tunaoishi Uingereza huazimana magari bila kuandikiana chochote. Shemeji anakwenda arusini Leicester, kijana wa jirani anakwenda kumpokea mama yake Heathrow, na funguo hutolewa bila mtu kuuliza habari ya bima wala ya leseni. Siku chache baadaye inaingia bahasha ya polisi ikieleza kwamba gari lenye namba zako lilipigwa picha likienda maili 38 kwa saa mahali ambapo mwisho ni 30, na jina lililoandikwa juu ya bahasha ni lako. Maelezo yafuatayo yanahusu England na Wales, kwa sababu Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao katika baadhi ya mambo haya.

Kwanza ieleweke kwamba barua hiyo bado si hukumu wala si faini. Ndani yake mna mambo mawili yaliyounganishwa: taarifa kwamba polisi wanakusudia kushtaki kwa kosa la mwendokasi, na swali ambalo sheria inakulazimisha kulijibu, yaani nani alikuwa anaendesha gari hilo siku ile na saa ile. Aliyezoea Tanzania, ambako deni la trafiki husomeka kwenye namba ya gari na mara nyingi mwenye gari hulilipa tu ili yaishe, anaweza kudhani kwamba hapa pia njia fupi ni kutoa fedha na kusahau. Faini za maegesho zinazotolewa na halmashauri ndizo zinazomfuata mwenye gari. Mwendokasi ni kosa la jinai linalomfuata dereva, kwa kuwa adhabu yake ya kawaida ni paundi 100 pamoja na pointi 3 kwenye leseni, na pointi haziwezi kuandikwa kwenye gari. Polisi wanatafuta mtu, na wameanza na wewe kwa sababu jina lako ndilo lililo kwenye kumbukumbu za DVLA, yaani wakala wa serikali unaosajili magari na leseni.

Kabla ya kujaza chochote, tazama tarehe mbili: ya tukio na ya barua. Kama gari halikusimamishwa na polisi palepale, taarifa ya kwanza inapaswa kumfikia mtunzaji aliyesajiliwa, yaani yule ambaye jina lake limo kwenye kadi ya gari, ile V5C, ndani ya siku 14 tangu siku ya tukio. Kanuni hiyo imewaponza wengi, kwa sababu husikia habari zake mtaani kisha wakaitupa barua iliyochelewa. Kuchelewa kwa taarifa kunaweza kuwa utetezi dhidi ya shtaka la mwendokasi lenyewe, lakini hakukuondolei wajibu wa kujibu swali la nani aliendesha. Tena kanuni hiyo inahusu taarifa ya kwanza tu. Kama gari ni la kampuni, la kukodi au la mkopo ambalo kadi yake ina jina la mwingine, barua ya kwanza ilikwenda huko, na hii uliyoishika ni ya pili au ya tatu. Na kama ulihama nyumba bila kuwaarifu DVLA, barua iliyotumwa kwa wakati kwenye anwani yako ya zamani huhesabiwa kuwa imetumwa ipasavyo, hata kama wewe hukuiona.

Wajibu wa kujibu unatokana na kifungu cha 172 cha Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1988, na muda wake ni siku 28. Asiyejibu hutenda kosa jipya lililo zito kuliko lile la kwanza: pointi 6 na faini inayoweza kufika paundi 1,000, pamoja na alama ya MS90 kwenye leseni, ambayo makampuni ya bima huitazama kwa jicho baya. Kwa hiyo mwenye gari ambaye hakuendesha kabisa anaweza kutoka na pointi mara mbili ya zile ambazo dereva mwenyewe angepata, kwa kunyamaza tu. Wapo waliojaribu kusema kwamba kulazimishwa kujibu kunavunja haki ya kutojitia hatiani, na hoja hiyo ilifika hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo mwaka 2007 iliikataa.

Jinsi ya kuijaza fomu

Fomu huwa na sehemu ya anayekiri kwamba yeye ndiye aliyeendesha, na sehemu nyingine ya anayemtaja mwingine. Makosa hutokea hapa, kwa sababu sehemu ya kwanza ndiyo iliyo juu na mtu akiwa na wasiwasi huanza kujaza bila kusoma. Iache wazi, uende kwenye sehemu ya kumtaja dereva, uandike jina lake kamili kama lilivyo kwenye leseni na anwani yake pamoja na namba ya posta, na tarehe yake ya kuzaliwa au namba ya leseni ukiwa nazo. Jina la nyumbani halitoshi. “Baba Salma wa Reading” hatapatikana, na polisi watarudi kwako. Kisha weka sahihi yako, kwa sababu fomu isiyo na sahihi huhesabiwa kuwa haijajibiwa. Usitume fedha wala leseni katika hatua hii, kwa maana hakuna kilichotozwa.

Usimkabidhi dereva fomu ili aijaze na kuituma mwenyewe, hata akiapa kwamba atalishughulikia leo hii. Fomu ni yako na wajibu ni wako; akiisahau ndani ya gari lake, mahakama itakuuliza wewe. Mpigie simu kwa heshima, umwambie, “Shemeji, barua ya ile safari ya Leicester imekuja, naandika jina lako, nawe utaletewa yako,” kisha utume. Ukijibu kwa mtandao, hifadhi ukurasa wa uthibitisho. Ukituma kwa posta, ipige picha fomu iliyojazwa na uombe pale kaunta uthibitisho wa kutuma, ambao hutolewa bure na huonyesha tarehe. Kikaratasi hicho kimeokoa watu wengi ambao majibu yao yalipotea njiani.

Baada ya hapo dereva ataletewa barua yake yenye siku 28 zake, na ile kanuni ya siku 14 haimhusu. Akikiri, mara nyingi mambo huisha kwa wepesi kuliko alivyohofia. Mahali ambapo mwisho ni maili 30, aliyekwenda kati ya 35 na 42 kwa kawaida hupewa nafasi ya kuhudhuria kozi ya mwendokasi badala ya pointi, mradi hajahudhuria kozi kama hiyo katika miaka 3 iliyopita. Atailipia na kupoteza saa chache, lakini leseni itabaki safi.

“Nibebee pointi”

Ombi hili huja kwa sauti ya undugu, na ndiyo maana ni gumu kulikataa. Dereva tayari ana pointi 9 na akifikisha 12 ndani ya miaka 3 atafungiwa kuendesha, kwa kawaida kwa miezi 6. Au ni kijana aliyepata leseni mwaka jana, na sheria inasema kwamba dereva mpya akifikisha pointi 6 ndani ya miaka 2 ya kwanza leseni yake hufutwa, aanze tena na mitihani yote miwili. Wewe leseni yako haina doa. Pointi 3 kwako ni nini?

Kwako ni kifungo. Anayejaza kwamba aliendesha ilhali hakuendesha, na anayekubali kubebewa, wote wawili wanaweza kushtakiwa kwa kupotosha mwenendo wa haki, kosa ambalo kwa sheria ya England adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha na ambalo mahakama hulitolea kifungo hata kwa watu wasio na rekodi yoyote. Chris Huhne, aliyekuwa waziri wa nishati, na Vicky Pryce, aliyekuwa mke wake, walihukumiwa miezi 8 kila mmoja mwezi Machi 2013 kwa pointi za mwaka 2003 ambazo mke alimbebea mumewe, na siri hiyo ilikaa miaka mingi hadi ndoa ilipovunjika. Fiona Onasanya, wakati huo mbunge wa Peterborough na mwanasheria kwa taaluma, alifungwa miezi 3 mwanzoni mwa 2019 kwa kudanganya kuhusu aliyeendesha gari lake kwa maili 41 mahali pa maili 30, mwendo ambao kwa kawaida ungemalizwa kwa kozi. Kaka yake naye alifungwa. Ukiwa huna uraia, kuna la ziada la kuhofia, kwa sababu hukumu ya kifungo hutazamwa katika maombi ya viza na ya ukaazi. Mkatalie shemeji mapema na waziwazi, kabla hajafika nyumbani na mke na watoto kuja kukubembeleza.

Hali nyingine hukosa udanganyifu ila hukosa pia uhakika. Mume na mke walipokezana usukani kwenye barabara ya M6, na picha imepigwa kwa nyuma, kwa hiyo uso hauonekani. Omba picha hata hivyo. Vituo vingi vya polisi huziweka kwenye mtandao, na wakati mwingine mahali palipotajwa panatosha kuwakumbusha ni nani alikuwa ameshika usukani. Sheria humlinda mtunzaji wa gari ambaye hakujua dereva ni nani na ambaye, hata kwa juhudi za kutosha, asingeweza kujua. Lakini mzigo wa kuonyesha juhudi hizo ni wako, na mahakimu huutazama kwa ukali. Tafuta stakabadhi za mafuta, miamala ya kadi ya benki, ratiba za kazi, saa za simu zilizopigwa na ujumbe wa WhatsApp. Waulize kwa maandishi wote walioweza kuendesha na uhifadhi majibu yao. Kisha, ndani ya zile siku 28, waandikie polisi ukitaja majina na anwani za wote hao na hatua zote ulizochukua. Kuandika “sijui” peke yake ni sawa na kutojibu.

Likitokea kwamba aliyeendesha ni mjomba aliyekuja kutembea na sasa amesharudi Mombasa, mtaje kwa jina na anwani yake ya huko, na utarajie maswali zaidi. Dereva asiyepatikana aliye ng’ambo ni kisingizio ambacho polisi wamekisikia mara nyingi, kwa hiyo watataka ushahidi kwamba mtu huyo yupo, kwamba alikuwa nchini siku hiyo, na kwamba alikuwa na bima ya kuendesha gari lako. Nakala ya tiketi ya ndege, ukurasa wa pasipoti wenye muhuri na cheti cha bima chenye jina lake vitamaliza maswali mengi.

Hilo la bima ndilo linaloumiza zaidi. Kumruhusu mtu aendeshe gari lako bila bima ni kosa lako wewe, lenye pointi 6 hadi 8, hata kama ulidhani bima yako inamfunika kila mtu. Kwa hiyo jibu la kweli kuhusu mwendokasi linaweza kukufungulia shtaka lako mwenyewe. Ukiona uko hapo, mwone wakili wa makosa ya barabarani kabla ya kujibu, lakini siku 28 zisipite, na usidhani kwamba kubadilisha jina la dereva ni njia ya kutokea.

Kama ulikuwa umeshaliuza gari, jibu kwa kutaja mnunuzi na tarehe ya mauzo. Kama gari kwenye picha si lako ila limebandikwa namba zako, peleka picha za gari lako zikionyesha tofauti na uripoti kwamba namba zako zimeigwa.

Barua ikipuuzwa, baada ya miezi kadhaa huja taarifa ya mashtaka ya hakimu mmoja, yaani ya kesi anayoiamua hakimu mmoja kwa karatasi, ambayo hukupa siku 21 kukiri au kukana. Mara nyingi huwa na mashtaka mawili, la mwendokasi na la kutojibu. Madereva huambiana kwamba ukikubali la mwendokasi, lile la pointi 6 litaondolewa. Makubaliano hayo hufanyika kweli, lakini ni kwa yule aliyeendesha. Wewe ambaye hukuendesha ukikiri mwendokasi umeiambia mahakama uongo, na unarudi kulekule kwa Huhne. Kana shtaka hilo, eleza ni nani aliyeendesha, na kuhusu kutojibu peleka ule uthibitisho wa posta kama unao.

Na kama umehukumiwa bila kujua, kwa sababu barua zote zilikwenda kwenye nyumba uliyohama, unaweza kuapa mbele ya Mahakama ya Mahakimu kwamba hukuwa na habari ya kesi, ndani ya siku 21 tangu ulipoipata habari. Kiapo hicho hakifuti shtaka. Kinaondoa hukumu na kuirudisha kesi mwanzoni, na swali la nani alikuwa anaendesha litaulizwa upya, kwa hiyo nenda ukiwa na jina kamili la dereva na anwani yake ya sasa.