Usukani ulionyooka au wa kupinda? Amua kabla hujalipa

Naendesha baiskeli kutoka Usa River hadi Arusha mjini siku tano kwa wiki, na Jumamosi nikiamka mapema natoka upande wa pili mpaka Boma Ng'ombe na kurudi. Miaka minne ya mwanzo nilitumia usukani ulionyooka, na sasa ni mwaka wa tatu niko kwenye ule wa kupinda kama pembe za kondoo dume. Wadada wengi wananiuliza wanunue upi. Mimi huwauliza kwanza: unakaa juu ya kiti muda gani bila kushuka?

Usukani ulionyooka unakupa mkao mmoja tu wa mikono. Kwa nusu saa haina shida. Ikifika saa moja na nusu, uzito wote umelala palepale kwenye kiganja. Mimi nilikuwa nafika KIA, uwanja wa ndege, kidole cha mwisho na cha pete vimeshakufa ganzi, hata kufungua chupa ya maji nashindwa. Mshipa wa fahamu wa vidole hivyo unapita chini ya kiganja upande wa nje, na ndipo gripu inapobana.

Usukani wa kupinda una mikao mitatu: juu kwenye sehemu bapa, mbele kwenye mipira ya breki (ile inayofunika mikono ya breki inapofungwa kwenye usukani), na chini kwenye mkunjo. Unahama kila baada ya dakika chache na damu inatembea. Faida ya pili ni upepo. Kwenye tambarare, ukishavuka kilomita 25 kwa saa, nguvu zako nyingi zinaliwa na hewa, kwa hiyo ukiinama kidogo unahisi tofauti papo hapo.

Lakini sikiliza hili vizuri, maana liliniumiza. Ukishika ile sehemu bapa ya juu, breki ziko mbali na vidole. Siku moja karibu na Tengeru, mwezi wa kwanza na baiskeli mpya, nilikuwa nimeshika juu hivyohivyo, bodaboda akakata mbele yangu kabla ya tuta. Mpaka nilipoifikia breki nilishaingia mtaroni. Penye watu, matuta na daladala, shika mipira ya breki, vidole viwili vikiwa juu ya mkono wa breki muda wote. Kama unajua hutalizoea hilo, au njia yako ni Sakina hadi Mnara wa Saa na kusimama kila baada ya mita mia, chukua ulionyooka. Breki zipo mkononi saa zote, na upana wake unakusaidia kuikata baiskeli haraka ukikutana na shimo.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kununua wowote uliopo dukani akisema fundi atabadilisha baadaye. Bomba la usukani ulionyooka, pale pa kushikia, lina unene wa milimita 22.2, na la usukani wa kupinda milimita 23.8, kwa hiyo mikono ya breki ya zamani haiingii. Vishikio vya gia navyo unanunua upya. Kama baiskeli ina breki za V, zile za mikono miwili mirefu inayobana rimu, mikono ya kawaida ya usukani wa kupinda inavuta waya kidogo mno, breki hazishiki sawasawa. Na fremu iliyotengenezwa kwa usukani ulionyooka huwa ndefu zaidi, kwa hiyo ukiweka wa kupinda unajikuta umejinyoosha kama mtu anayechungulia kisima. Gharama zinakaribia bei ya baiskeli nyingine ya mtumba.

Ukiwa tayari na ulionyooka na unataka safari ndefu, jaribu kwanza kuongeza vipembe viwili pembeni, vile vishikio vifupi vinavyofungwa kwenye ncha za usukani. Unapata mkao wa pili kwa hela ndogo. Usukani ukiwa mpana kupita mabega yako, sogeza breki ndani, jaribu siku chache, kisha fundi akate sentimita moja kila upande kwa msumeno wa chuma.

Ukichagua wa kupinda, nenda dukani na kamba. Mtu akupimie kutoka ncha ya mfupa wa bega moja hadi la pili, na upana wa usukani ukaribie hapo. Kisha panda baiskeli, egemea ukuta, shika mipira ya breki na uchezeshe vidole kama unapiga kinanda. Vikikataa kwa sababu umebeba uzito wako kwa mikono, shingo ya usukani, kile kipande kinachoushika usukani kwa mbele, ni ndefu kwako, omba fupi. Mimi nina viganja vidogo, na nusura niiache ile baiskeli nikidhani breki ni za wanaume. Fundi akafunua mpira, akazungusha skrubu ndogo iliyokuwa ndani, na mkono wa breki ukasogea hadi vidole vyangu vikaufikia.