Uvumi wa uchaguzi ukifika kijiweni

Nauza kahawa Ngamiani, barabara ya 14, mjini Tanga. Wa chama tawala na wa upinzani wananywa dele moja, na sitaki siku nione wamegawana mabenchi.

Oktoba 2024, zile siku za kujiandikisha kwa uchaguzi wa serikali za mitaa, kijana wa bodaboda alikuja na ujumbe wa sauti wa WhatsApp: mwenye kadi ya mpiga kura asijisumbue, jina lake limo tayari. Mzee mmoja akafoka, "Ndivyo mnavyotaka, tusipige kura!" Wakaanza kunyoosheana vidole.

Hapo usimwite mtu mwongo. Ukishamwaibisha mbele za watu ataushikilia uongo hata kama moyoni ameshautilia shaka. Mimi nilimjazia kikombe, nikamwambia, "Mwanangu, hebu iweke tena, tuisikilize mpaka mwisho." Msemaji hakutaja jina, mtaa wala tarehe. Juu ya ujumbe kulikuwa na mishale miwili, maana yake umepita mikono mitano au zaidi. Kwa hiyo kumuuliza aliyemtumia kusingesaidia.

Sasa tafuta penye jibu, na hapa ndipo wengi hukosea: hutuma mtu mmoja. Tuma wawili, mmoja kila upande, waende pamoja. Yule mzee alipanda bodaboda ya yule kijana hadi ofisi ya mtaa, wakasoma tangazo kwa macho yao. Daftari la mtaa si lile la kudumu la Tume ya Uchaguzi. Hata mwenye kadi ilibidi ajiandikishe upya, tarehe 11 hadi 20 Oktoba, kura Novemba 27. Waliporudi hakuna aliyeweza kusema kadanganywa na wa upande wa pili.

Kusahihisha mwachie aliyeleta. Nilimvuta kijana kando ya jiko, tukapanga maneno. Aanze na lililo kweli, "Jamani, nendeni mkajiandikishe, kadi pekee haitoshi," ndipo aeleze alivyokosea asubuhi. Ukianza kwa kuurudia uvumi, anayesikiliza nusu anaondoka nao. Akarekodi kwa sauti yake, akatuma kwenye kundi lilelile.

Chama kipi kinafaa, hilo silisuluhishi. Ni haki yao, wabishane mpaka kahawa ipoe.

Siku ya mwisho ya kujiandikisha, kijana alimbeba bibi wa jirani hadi kituoni. Nauli hakuchukua.