Jinsi ya Kumwezesha Wakala wa Akili Mnemba Kusoma Faili la Usanifu

Ukimpa wakala wa akili mnemba, yaani programu ya akili mnemba inayofanya kazi kwa niaba yako, picha ya skrini na kumwomba aandike msimbo wa ukurasa unaoonekana humo, atakadiria kwa macho: nafasi ya pikseli 16 itakuwa 14, na rangi itakaribiana na ile uliyoikusudia bila kuwa yenyewe. Vipimo vyote hivyo vimeandikwa tayari ndani ya faili la usanifu, kwa hiyo kazi yetu ni kumfungulia wakala mlango wa kuvisoma.

Katika Figma, programu ya kusanifu kurasa na programu, faili ni mti wa nodi, yaani vipengele vinavyobebana. Ukurasa hubeba fremu, fremu hubeba vitufe, maandishi na maumbo, na kila nodi ina sifa zake. Fremu ya kadi, kwa mfano, huweza kusomeka hivi: layoutMode ni VERTICAL (vitu vimepangwa wima), itemSpacing ni 16 (nafasi kati yavyo), paddingLeft ni 24 (nafasi ya ndani upande wa kushoto). Hapo hakuna cha kukisia. Rangi ndiyo huwatatiza wengi, kwa sababu kila kijenzi chake huandikwa kwa kipimo cha 0 hadi 1. Nyekundu 0.2, kijani 0.4 na buluu 0.8, zikizidishwa kwa 255, hutoa 51, 102 na 204, yaani #3366CC kwa mfumo wa heksadesimali unaotumika kuandika rangi.

Njia iliyo rahisi kuanza nayo ni seva ya MCP, yaani programu inayompa wakala data kupitia MCP (Model Context Protocol), itifaki iliyotangazwa na Anthropic mnamo Novemba 2024 ili programu za akili mnemba ziweze kuunganishwa na vyanzo vya data kwa utaratibu mmoja. Figma wana seva yao wenyewe. Fungua mipangilio ya MCP katika programu unayoandikia msimbo, ongeza anwani https://mcp.figma.com/mcp, kisha ingia katika akaunti yako kupitia kivinjari na uidhinishe muunganisho. Baada ya hapo bofya fremu unayoitaka katika Figma, nakili kiungo chake na umpe wakala pamoja na maelezo ya kazi. Hakikisha kiungo hicho kina sehemu ya node-id, kwa kuwa ndiyo inayomwelekeza kwenye fremu husika. Bila hiyo, atajua faili tu.

Anayejenga zana yake mwenyewe anaweza kutumia API ya Figma, yaani njia ya programu kuomba data kutoka Figma, moja kwa moja. Tengeneza tokeni (msimbo wa siri wa kukutambulisha) yenye ruhusa ya kusoma maudhui ya faili peke yake, itume katika kichwa cha ombi kiitwacho X-Figma-Token, na uombe nodi unazozihitaji kupitia /v1/files/ ikifuatwa na ufunguo wa faili na neno nodes. Kumbuka kwamba kitambulisho kinachoonekana kwenye kiungo kama 12-345 huandikwa 12:345 ndani ya data. Tokeni hiyo ni siri kama nywila, kwa hiyo isiwekwe kamwe ndani ya hazina ya msimbo.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kumpa wakala faili zima. Faili kubwa hutoa JSON (data iliyoandikwa kama maandishi) ndefu mno, ambayo hujaza nafasi yake ya kumbukumbu kabla hajaanza kazi, na akishazidiwa huanza kuchanganya fremu hii na ile. Ukitumia seva ya MCP ya Figma, mwambie aanze na zana yake iitwayo get_metadata, inayorudisha muhtasari wa nodi, majina yake na vipimo vyake. Akishaitambua sehemu inayohusika, ndipo aiombe kwa kina kwa get_design_context, na achukue rangi na nafasi zilizopewa majina kwa get_variable_defs. Picha kutoka get_screenshot bado ina manufaa, lakini kama kielelezo cha kulinganishia matokeo.

Unadhifu wa faili nao una uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Nodi iitwayo “Frame 427” haimwambii wakala lolote, ilhali “kadi-ya-malipo” humwonyesha mara moja kinachojengwa. Vilevile, vitu vilivyopangwa kwa Auto Layout, kipengele cha Figma kinachopanga vitu kiotomatiki, humfikia vikiwa na uhusiano wao, lakini vilivyowekwa kwa mkono humfikia kama viwianishi vitupu, naye huishia kuandika msimbo unaovunjika skrini inapobadilika ukubwa. Kwa maoni yangu, saa moja ya kusafisha faili huokoa saa nyingi za kurekebisha msimbo.

Kabla hujamruhusu aandike mstari hata mmoja, mwombe akutajie upana wa fremu, nafasi kati ya vipengele, fonti na ukubwa wake, pamoja na jina la kibadilika (thamani iliyopewa jina) cha rangi ya kitufe. Linganisha majibu hayo na paneli ya kulia ya Figma. Yakitofautiana, angalia kwanza kama kiungo kinaelekeza kwenye nodi sahihi, kisha kama akaunti uliyoiidhinisha ina ruhusa ya kulifungua faili hilo.