Jinsi ya Kufuatilia Ukuaji wa Galaksi kwa Mwanga wa Urujuanimno

Mwalimu au mwanafunzi wa Mwanza anayetaka kuchunguza jinsi galaksi zinavyobadilika hahitaji kununua darubini, kwa sababu mwanga wa urujuanimno (wenye mawimbi mafupi kuliko ya mwanga tunaouona kwa macho) unaohitajika kwa kazi hii huzuiwa na angahewa, awe amesimama Capri Point au kileleni Kilimanjaro. Anachohitaji ni kompyuta, intaneti na picha za GALEX, darubini ya NASA yenye kioo cha sentimita 50 iliyorushwa Aprili 2003 na kuzimwa 2013, ambazo hutolewa bure.

Mwanga huu hutolewa kwa wingi na nyota kubwa zenye joto kali, ambazo huishi mamilioni tu ya miaka, ilhali nyota kama Jua huishi takribani miaka bilioni 10. Kama taa za wavuvi wa dagaa zinavyoonyesha usiku ni wapi ziwani uvuvi unaendelea, ndivyo urujuanimno unavyoonyesha mahali nyota zinapozaliwa.

Fungua Aladin Lite, ramani ya anga ya mtandaoni, kwenye kivinjari, kisha uandike M83, galaksi iliyo umbali wa takribani miaka ya nuru milioni 15, ambayo jioni za Mei hupita juu sana katika anga la Mwanza. Anza na picha ya DSS, mkusanyiko wa picha za anga za mwanga wa kawaida, ukadirie galaksi inapoishia. Halafu, bila kusogeza chochote, weka ya GALEX. Utaona vishada vya nyota changa vimetawanyika mbali kabisa nje ya ukingo ulioukadiria, na kwa maoni yangu hakuna ushahidi mzuri zaidi wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba galaksi bado inajijenga pembezoni.

Hata hivyo, vumbi hufyonza urujuanimno, kwa hiyo kabla ya kusema sehemu fulani haizai nyota, itazame pia katika picha za WISE, darubini ya angani ya NASA ya mwanga wa infraredi (wenye mawimbi marefu kuliko tunaouona), ambamo vumbi lililopashwa joto hung'aa. Vilevile, galaksi za duaradufu zina nyota kongwe zenye joto zinazotoa mwanga huohuo. Mng'ao laini uliokusanyika katikati yake usiuhesabu kuwa uzazi mpya.

Ukitaka kupima, pakua faili za FITS, yaani picha zenye vipimo vya mwanga, kutoka MAST, hifadhi ya mtandaoni ya data za darubini, ujumlishe mwanga wa galaksi kwa sekunde, uondoe wa anga linaloizunguka, utafute logi ya jibu kwa kizio cha 10, uizidishe kwa −2.5, kisha uongeze 18.82 kwa picha ya urujuanimno wa mbali (wenye mawimbi mafupi zaidi) au 20.08 kwa ile ya urujuanimno wa karibu. Ukitoa jibu la urujuanimno wa karibu kutoka lile la wa mbali na tofauti ikawa ndogo, na vumbi likiwa haba, nyota zake nyingi zinazotoa mwanga huo ni changa.