Mwalimu mgeni China: makaratasi ya siku 30 za mwanzo
Ukifikia kwenye nyumba badala ya hoteli, nenda kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24 na pasipoti pamoja na mkataba wa pango. Watakupa karatasi ya usajili wa makazi. Itunze kama pesa. Viza ya Z, yaani ya kazi, hukupa siku 30 tu tangu kuingia uombe kibali cha ukaazi, na karatasi hiyo utadaiwa.

Kisha laini ya simu, halafu benki, usigeuze: benki hutuma namba ya uthibitisho kwenye simu. Kagua jina lako lilivyoandikwa benki kabla hujatoka dirishani. Likikosewa hata nafasi kati ya maneno, WeChat au Alipay (programu za simu za kulipia) inaweza kuikataa kadi ya benki, na hata muuza mboga hulipwa kwa simu. Ukihama nyumba, jisajili upya.