Kukagua swali la kura ya maoni kuhusu vita

Kabla ya kuamini asilimia, tafuta swali lenyewe, neno kwa neno. Januari 2003, Pew, taasisi ya Marekani ya kura za maoni, iliwauliza Wamarekani kama wanaunga mkono hatua ya kijeshi Iraq ili kuung'oa utawala wa Saddam Hussein: asilimia 68 waliunga mkono. Swali lilipoongezewa kwamba huenda maelfu ya wanajeshi wa Marekani wakauawa au kujeruhiwa, wakabaki 43. Pengo hilo ni kubwa mno kupuuzwa.

Kisha futa maneno ya kusifu au kutisha, kama “kukomboa” na “magaidi”, usome upya. Maana ikigeuka, swali lilikuwa linaelekeza jibu. Angalia pia swali lililotangulia, na kama “sijui” iliruhusiwa. Dodoso, yaani orodha ya maswali yote, likifichwa, usiisambaze takwimu hiyo.