Jinsi ya kupeleka andiko na mchoro kwa mchapishaji wa sera wa jamii asilia

Wachapishaji wa sera wanaoongozwa na watu wa jamii asilia hutaka andiko fupi ambalo waziri, wakili au mwenyekiti wa kijiji atalimaliza kabla ya kikao, akajua anaombwa afanye nini. Mimi huwaandikia na kuwachorea, na njia yangu ni hii.

Hatua ya 1: Mjue unayempelekea

Yellowhead Institute ya Toronto, iliyoanzishwa 2018, hushughulika na sheria na sera za Kanada zinazogusa Mataifa ya Kwanza (First Nations), yaani jamii asilia za huko. Ukiwapelekea habari za Msitu wa Mau wa Kenya, hata ziwe nzito vipi, umebisha hodi nyumba isiyohusika. Cultural Survival ya Massachusetts huangalia jamii asilia za dunia nzima. Soma maandiko yao matatu ya karibuni mpaka mwisho, kisha maelekezo yao kwa waandishi. Malipo yasipotajwa, uliza mapema.

Hatua ya 2: Jitambulishe

Taja jamii yako na uhusiano wako na mahali unapopaandikia. Kama wewe si wa hapo, andika pamoja na mwenyeji, jina lake likae juu sambamba na lako, na malipo mgawane. Kumtaja kwenye shukrani za mwisho tu ni kumtumia.

Hatua ya 3: Andika pendekezo la aya moja

Hapa ndipo wengi hukwama. Tuchukue mfano wa Waogiek, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa Msitu wa Mau. Pendekezo dhaifu husema: "Ningependa kuandika kuhusu mateso ya Waogiek na umuhimu wa kulinda utamaduni wao." Nani atabisha? Na nani atafanya lolote? Sasa soma hili:

"Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek wa Mau. Tarehe 23 Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia na wapewe hati ya pamoja ya ardhi yao. Ibara ya 63 ya Katiba ya 2010 tayari inatambua ardhi ya asili ya jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Tunaiomba Wizara ya Ardhi itangaze ratiba ya upimaji, na tunaonyesha ianzie wapi."

Tarehe mbili, ibara moja, ofisi moja ya kubanwa. Mateso yatakuja ndani ya andiko, yakiwa ushahidi.

Tafuta pia takwimu inayobeba hoja. Ripoti ya Yellowhead ya 2019 kuhusu kurudisha ardhi ilikagua amri za zuio za mahakama: kampuni zilizoomba zuio dhidi ya Mataifa ya Kwanza zilikubaliwa kwa asilimia 76, na Mataifa ya Kwanza yalipoomba zuio dhidi ya kampuni yalikataliwa kwa asilimia 81. Ukishasoma hivyo, vivumishi vya nini tena?

Hatua ya 4: Ridhaa kabla ya mhariri

Tamko la Umoja wa Mataifa la 13 Septemba 2007 kuhusu haki za jamii asilia linadai ridhaa ya hiari, ya mapema, inayotolewa na watu walioelezwa kila kitu, na ibara yake ya 31 inazipa jamii haki juu ya urithi na maarifa yao. (Siku ya kura Tanzania iliunga mkono; Kenya haikuwa upande wowote.) Kwa vitendo, soma rasimu kwa sauti barazani, kwa lugha ya hapo. Mzee akisema sentensi fulani iondoke, inaondoka, hata kama ndiyo uliyoipenda kuliko zote.

Hatua ya 5: Mchoro

Mchoro nao upeleke barazani. Ukimchora mtu, aone yeye kwanza. Ukichora ramani ya msitu, weka mito na maeneo ya koo, lakini mizinga ya nyuki ionyeshe kwa ujumla tu. Mti wenye mzinga ukiuweka kwa usahihi wa GPS, mwizi wa asali naye kapata ramani. Mahali pa matambiko usipaweke kabisa.

Faili ya kuchapa iwe na nukta 300 kwa inchi, na utoe nyingine nyepesi ya WhatsApp, maana huko kijijini itasomwa kwenye simu. Maneno yaliyo ndani ya mchoro yaweke kwenye tabaka lake (layer) ndani ya faili, ili toleo la Kiswahili lisikulazimishe kuchora upya. Andika pia maelezo mafupi ya picha kwa wasioona.

Hatua ya 6: Mkataba

Toa leseni, usiuze hakimiliki. Bakiza haki ya kuchapisha tena kwa Kiswahili. Mchoro utumike kwenye andiko hilo tu. Wakitaka bango au fulana, waombe upya. Simulizi za jamii ziandikwe wazi kuwa ni mali ya jamii. Kichwa cha habari kikibadilishwa, omba ukione kabla hakijatoka, kwa sababu hapo ndipo "wadai ardhi" hugeuka "wavamizi".

Ankara itume mara andiko likikubaliwa. Kama mwenzako analipwa kupitia kwako kwa M-Pesa, kubalianeni mapema nani anabeba makato.